Harry Hopkins: Mtu aliyetetea mshahara badala ya sadaka

Wanafunzi wetu wa historia wanapofika kwenye sura ya mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, aghalabu hukariri jina moja tu, la Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, pamoja na orodha ndefu ya vifupisho vya mashirika aliyoyaanzisha. Vifupisho hivyo hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha husahauliwa. Leo ningependa kumtoa msomaji kwenye vifupisho na kumpeleka kwa mtu mmoja aliyekuwa nyuma ya vingi vyavyo, mtu mwembamba, mgonjwa mgonjwa, mvutaji mkubwa wa sigara, aliyeitwa Harry Hopkins. Namchagua yeye kwa sababu swali alilolishughulikia ndilo swali ambalo wahitimu wetu, na hasa walimu waliofuzu wakakaa nyumbani miaka nenda miaka rudi wakisubiri kuajiriwa, wanalijua kwa machungu yake: je, serikali ina wajibu gani kwa mtu mwenye nguvu na ujuzi ambaye uchumi haukumwachia nafasi?

Hopkins alizaliwa tarehe 17 Agosti, 1890, katika mji wa Sioux City, jimbo la Iowa. Babake alikuwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, kazi iliyokuwa ikielekea kufa kadiri magari yalivyozidi kuongezeka. Mamake alikuwa muumini thabiti wa kanisa la Methodisti. Jamaa hii ilihamahama kabla ya kutua Grinnell, mji mdogo katika jimbo hilo hilo, na ni katika chuo cha hapo Grinnell ambapo kijana huyu alihitimu mwaka 1912. Chuo hicho kilijulikana kwa kuwafunza wanafunzi wake kwamba imani isiyojali shida za jirani ni imani pungufu. Mara tu baada ya kuhitimu akaenda New York kufanya kazi katika Christodora House, nyumba ya huduma za jamii iliyokuwa katika mitaa ya wahamiaji maskini upande wa kusini mashariki mwa Manhattan.

Mtu aliyekulia katika mji mdogo wa wakulima aliona huko mambo ambayo hakuwa ameyaona: familia nzima katika chumba kimoja, kifua kikuu, watoto wanaoshona nguo usiku badala ya kulala. Mwaka 1913 alimwoa Ethel Gross, mwanamke wa Kiyahudi aliyehamia kutoka Hungary na ambaye naye alifanya kazi za huduma za jamii. Mwaka 1915 Hopkins alipewa usimamizi wa ofisi ya jiji iliyowalipa malipo ya kila mwezi wajane waliokuwa wakilea watoto. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza hakuchukuliwa jeshini kwa sababu ya jicho bovu, akaingia Shirika la Msalaba Mwekundu huko New Orleans. Kisha akarudi New York, na kuanzia mwaka 1924 akaongoza chama cha kupambana na kifua kikuu. Nayapita haya upesi, lakini msomaji asiyadharau. Kufikia umri wa miaka 40 mtu huyu alikuwa ameishi na maskini na kuwahudumia kwa karibu miongo miwili, na alikuwa na maoni makali kuhusu namna walivyokuwa wakisaidiwa.

Maoni hayo yalikuwaje? Desturi ya zamani ya kusaidia maskini, iliyorithiwa kutoka Uingereza, ilimchukulia mwombaji kama mtuhumiwa. Kabla ya kupewa chochote, afisa alifika nyumbani kwake, akafunua vyungu, akahesabu viti, akawahoji majirani. Hata alipokubaliwa, hakupewa pesa. Alipewa hati ya kwenda kuchukua unga na maharagwe katika duka fulani, mbele ya macho ya watu wote. Dhana iliyokuwa chini ya desturi hiyo ni kwamba umaskini ni kosa la maskini, na kwamba akishika pesa atazinywea pombe. Hopkins aliichukia dhana hiyo. Alishikilia kwamba mtu asiye na kazi si mtu wa aina nyingine. Ni jirani yako yule yule aliyekuwa akienda kazini wiki iliyopita.

Hapa naomba ruhusa ya kuingiza jambo la taaluma yangu. Katika Kiswahili tunalo neno kibarua, ambalo wengi hulitumia leo kwa dharau kidogo. Asili yake ni barua. Mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi, barua ndogo, kuthibitisha kwamba amefanya kazi na anastahili ujira. Kijikaratasi hicho kilikuwa dai, si ombi. Hati ya unga aliyopewa maskini wa New York ilikuwa kinyume chake kabisa, ingawa zote mbili ni karatasi. Nadhani tofauti baina ya karatasi hizo mbili ndiyo iliyoyatawala maisha ya Hopkins.

Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 1933 maelfu ya benki yalikuwa yamefunga milango yakiwa na akiba za watu ndani, na takriban mfanyakazi mmoja kati ya kila wanne, yaani watu wapatao milioni 12 au 13, hakuwa na kazi. Serikali ya Rais Herbert Hoover ilishikilia kwamba kuwasaidia wenye njaa ni jukumu la makanisa, vyama vya hisani na serikali za mitaa. Vyama hivyo vikaishiwa. Miji ikaishiwa. Katika jimbo la New York gavana wakati huo alikuwa Roosevelt, naye mwaka 1931 akaanzisha shirika la dharura la jimbo, likiwa na dola milioni 20, na Hopkins akaitwa kuwa mtendaji mkuu wake. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti. (Huku kwetu, mdororo huo huo uliangusha bei ya mahindi na kahawa. Serikali ya kikoloni ilianzisha Benki ya Ardhi mwaka 1931 ili kuwakopesha walowezi, ilhali Mwafrika aliendelea kudaiwa kodi ya kibanda kana kwamba hakuna kilichotokea. Kila serikali huchagua nani wa kuokolewa kwanza.)

Roosevelt alipoapishwa kuwa rais Machi 1933, hakuchukua muda kumwita Hopkins Washington. Bunge lilikuwa limetenga dola milioni 500 za misaada ya dharura kwa majimbo. Hopkins alianza kazi tarehe 22 Mei, 1933, na katika saa mbili za kwanza alikuwa ameshaidhinisha zaidi ya dola milioni 5. Magazeti yalishtuka. Yaliuliza pesa hizo zingedumu kwa muda gani kwa mwendo huo. Wapo waliomshauri asubiri, kwamba mambo yangejirekebisha baada ya muda mrefu. Yeye akajibu kwamba watu hawali baada ya muda mrefu, wanakula kila siku.

Hakutaka kuongoza kwa kusoma majedwali ya takwimu peke yake. Alimwajiri mwandishi wa habari, Lorena Hickok, azunguke nchi nzima na kumwandikia barua kuhusu aliyoyaona katika migodi, mashamba na foleni za misaada. Barua hizo zipo hadi leo, na mwanafunzi wa isimu au wa fasihi atakayezisoma ataona jinsi taarifa ya serikali inavyoweza kuandikwa kwa lugha ya binadamu.

Lakini misaada ya pesa, hata ikitolewa kwa heshima, haikumridhisha. Majira ya baridi ya mwaka 1933 yalikuwa yakikaribia na shirika jingine la serikali, lililopewa dola bilioni 3.3 za kujenga mabwawa na majengo makubwa, lilikuwa likienda kwa kujivuta. Mkuu wake, Harold Ickes, alikuwa mtu mwaminifu aliyekagua kila mkataba mstari kwa mstari asije akaibiwa hata senti. Hilo ni jema, ila mwenye njaa hawezi kula mkataba. Hopkins akamshawishi Rais ampe dola milioni 400 kutoka kwenye fungu la Ickes, na Novemba 1933 Idara ya Kazi za Kiraia, maarufu kwa herufi CWA, ikazaliwa. Kufikia katikati ya Januari 1934 ilikuwa imewaajiri watu zaidi ya milioni 4. Miezi miwili tu! Msomaji aliyewahi kungojea barua ya kuajiriwa anaweza kujipimia mwenyewe kasi hiyo.

Namna alivyofanikisha jambo hilo inafaa kuelezwa. Hakuunda mtandao mpya wa ofisi. Alitumia maafisa wa misaada waliokuwa tayari katika majimbo na wilaya, na kwa malipo akatumia utaratibu wa idara ya wanajeshi wastaafu, iliyokuwa imezoea kuandika hundi nyingi. Nusu ya wafanyakazi walitoka katika orodha za waliokuwa wakisaidiwa, na nusu nyingine walikuwa watu wasio na kazi ambao hawakuulizwa wana vyungu vingapi nyumbani. Kazi zenyewe zilikuwa zile zisizohitaji mashine kubwa wala michoro ya miaka miwili: kukarabati barabara na shule, kuchimba mitaro ya maji taka, kusawazisha viwanja vya ndege. Takriban walimu 50,000 waliajiriwa kufundisha watu wazima na kuzifungua shule za mashambani ambazo wilaya zilikuwa zimezifunga kwa kukosa mishahara. Roosevelt aliisimamisha idara hiyo Machi 1934. Ilikuwa imemeza karibu dola bilioni 1, na Rais aliogopa kwamba watu wangezoea. Binafsi naona uamuzi huo ulikuwa wa haraka mno, kwani waliotolewa kazini walirudi kwenye foleni zile zile.

Mwaka uliofuata Rais mwenyewe alikubali kwamba misaada ya bure inamla mtu heshima yake. Bunge lilipitisha karibu dola bilioni 4.9, fungu kubwa kuliko lolote lililowahi kutengwa nchini humo wakati wa amani kwa shughuli kama hiyo, na Mei 1935 ikaanzishwa Idara ya Maendeleo ya Kazi, WPA. Hopkins akawa mkuu wake. Kati ya mwaka 1935 na 1943 idara hiyo iliwaajiri jumla ya watu wapatao milioni 8.5. Walijenga au kutengeneza barabara zenye urefu wa takriban maili 650,000, madaraja zaidi ya 120,000 na majengo ya umma yapatayo 125,000, shule zikiwemo. Uwanja wa ndege wa La Guardia, ambao msafiri wa New York huutumia hata leo, ulijengwa na mikono yao. Katika milima ya Kentucky wanawake waliopanda farasi na nyumbu walilipwa kupeleka vitabu katika shule na nyumba zisizofikiwa na gari.

Jambo lililowaudhi wapinzani wake zaidi ni kwamba hakuwapa majembe watu wote. Alishikilia kwamba mwanamuziki, mchoraji, mwigizaji na mwandishi wana matumbo kama seremala, na kwamba kumpa mpiga fidla koleo ni kuiharibu mikono yake na kuipoteza kazi yake pia. Kwa hivyo WPA ikawa na miradi ya sanaa, muziki, tamthilia na uandishi. Mradi wa tamthilia uliongozwa na Hallie Flanagan, aliyesoma Grinnell kama yeye. Huko Harlem mwaka 1936 ulimwezesha kijana Orson Welles kuonyesha Macbeth ya Shakespeare kwa waigizaji Weusi watupu. Katika mradi wa waandishi walipita Richard Wright, Ralph Ellison na Zora Neale Hurston, wote majina yanayosomwa katika idara zetu za fasihi. Walilipwa ujira mdogo na serikali wakati ambapo hakuna mchapishaji aliyekuwa na pesa.

Sehemu ya mradi huo inanihusu mimi kitaaluma, na ningependa kukaa hapo kidogo. Kati ya mwaka 1936 na 1938 wafanyakazi wake waliwahoji watu waliokuwa wamezaliwa utumwani, ambao sasa walikuwa vikongwe wa miaka 80, 90 na zaidi. Masimulizi zaidi ya 2,300 yalikusanywa kutoka majimbo 17, nayo yamehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Hazina hii haina kifani. Lakini ina kasoro ambayo kila mwanafunzi wa isimu anapaswa kuijua kabla ya kuitumia. Wahoji wengi walikuwa Wazungu, baadhi yao jamaa za waliokuwa wakimiliki watumwa katika maeneo yale yale, na mzee maskini aliyetarajia huenda mgeni huyu atamsaidia kupata malipo ya uzeeni hakuwa huru kusema yote. Isitoshe, wahoji waliandika matamshi ya wazee hao kwa tahajia ya kuchekesha, hata kwa maneno ambayo Mzungu naye huyatamka vivyo hivyo. Neno lile lile likitoka kinywani mwa Mzungu liliandikwa kwa tahajia sanifu. Likitoka kinywani mwa Mweusi likapotoshwa. Hiyo si fonetiki, ni dharau iliyovaa joho la fonetiki. Mshairi Sterling Brown, aliyekuwa mhariri wa masuala ya Weusi katika mradi huo, aliwaelekeza wahoji wazingatie muundo na nahau za wasemaji kuliko kukimbizana na matamshi. Si wote waliomsikiliza.

Ubaguzi haukuwa wa tahajia tu. Amri ya Rais ilikataza ubaguzi katika WPA, na Weusi walifika takriban asilimia 15 ya wafanyakazi wake, kiwango kilichozidi sehemu yao katika idadi ya watu. Hata hivyo, viwango vya mishahara, vilivyoanzia dola 19 hadi 94 kwa mwezi, vilikuwa vya chini zaidi katika majimbo ya kusini, na msimu wa kuchuma pamba ulipofika maafisa wa huko waliwaachisha watu kazi ili wenye mashamba wapate vibarua wa bei rahisi. Wanawake nao walibanwa na kanuni iliyoruhusu mtu mmoja tu wa kila nyumba kuajiriwa, ambaye kwa kawaida alihesabiwa kuwa mume.

Wapinzani walikuwa wengi. Mwaka 1935, katika kikao cha uchunguzi jijini New York, mwalimu wa kazi za mikono alieleza kwamba alilipwa kufundisha, miongoni mwa mengine, ususi wa kamba na ngozi uitwao 'boondoggle', neno lililojulikana na maskauti. Magazeti yakalinyakua. Tangu siku hiyo neno hilo limekuwa na maana ya mradi wa serikali wa kupoteza pesa, na kamusi za Kiingereza zinalitoa hivyo hadi leo. Ni mfano mzuri wa jinsi neno dogo linavyoweza kuhukumu kazi ya mamilioni. Wachora vibonzo nao walimchora mfanyakazi wa WPA akiegemea koleo lake amesinzia.

Tuhuma nzito zaidi ilikuwa ya siasa. Hopkins mwenyewe alikuwa amewahi kupambana nayo: mwaka 1935 aliinyang'anya serikali ya Ohio usimamizi wa misaada, akimtuhumu Gavana Martin Davey kwamba watu wake walichangisha pesa za kampeni kutoka kwa wafanyabiashara waliouza bidhaa kwa mpango huo. Davey alitafuta hati ya kumkamata kwa kashfa. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja, cha Democratic! Lakini mwaka 1938 ilidhihirika kwamba katika jimbo la Kentucky maafisa wa WPA walikuwa wakiwatumia wafanyakazi katika kampeni za useneta, na mwaka 1939 Bunge likapitisha sheria, iitwayo Hatch, ya kuwakataza watumishi wa serikali kuu kufanya siasa za aina hiyo. Mwaka huo huo likaufunga mradi wa tamthilia. Katika hili sioni namna ya kumtetea Hopkins kikamilifu. Kufikia hapo alikuwa ameonja tamaa ya kugombea urais, na mtu mwenye tamaa hiyo hakagui vizuri kampeni za rafiki zake.

Wanauchumi nao wanasema kwamba mipango hii haikuumaliza mdororo. Ni kweli. Hata WPA ilipokuwa kileleni, mwishoni mwa mwaka 1938, ikiwa na wafanyakazi zaidi ya milioni 3.3, mamilioni wengine walibaki nje. Vita ndivyo vilivyolimaliza tatizo la ajira. Lakini mwaka 1937 serikali ilipopunguza matumizi kwa kudhani kwamba hatari imepita, uchumi ulianguka upya na ukosefu wa kazi ukapanda. Wanaotumia hoja ya kwanza aghalabu huisahau ya pili.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa ya mtawa. Ndoa yake na Ethel ilivunjika, alipenda mbio za farasi na karata, na marafiki zake baadhi walikuwa matajiri wakubwa. Mke wake wa pili, Barbara Duncan, alifariki kwa saratani mwaka 1937, na mwishoni mwa mwaka huo huo Hopkins mwenyewe alipasuliwa na kuondolewa sehemu kubwa ya tumbo kwa maradhi hayo hayo. Tangu hapo mwili wake haukuweza tena kunyonya chakula sawasawa. Mtu aliyekuwa ameshughulika na njaa ya wengine alidhoofika kwa utapiamlo huku meza ikiwa imejaa. Aliacha WPA Desemba 1938 na kuwa Waziri wa Biashara, wadhifa alioutumikia akiwa kitandani nusu ya muda. Mei 1940 Roosevelt alimkaribisha kulala Ikulu usiku mmoja, naye akakaa miaka zaidi ya mitatu.

Vita vilipozuka alikuwa mjumbe wa Rais kwa Winston Churchill huko London, Januari 1941, na kwa Joseph Stalin huko Moscow, Julai mwaka huo, akisimamia pia mpango wa kuzikopesha nchi rafiki silaha. Vitabu vingi vya historia humkumbuka kwa hayo. Februari 1944 mwanawe Stephen, kijana wa miaka 18, aliuawa vitani katika visiwa vya Marshall. WPA ilikuwa imeshafungwa mwaka 1943, kwa kuwa viwanda vya silaha viliwahitaji wafanyakazi wote waliopatikana.

Roosevelt alifariki Aprili 1945, na miezi michache baadaye Hopkins akajiuzulu. Hakuwa na mali. Alirudi New York na kupokea kazi ya usuluhishi baina ya wenye viwanda vya nguo na mafundi wao wa kushona, katika jiji lile lile alikoanzia na miongoni mwa watu wa tabaka lile lile aliowakuta Christodora miaka 33 iliyotangulia. Hakuifanya kwa muda mrefu. Alifariki hospitalini tarehe 29 Januari, 1946, akiwa na umri wa miaka 55.